Kishindo cha Duma: Muziki Mzito na Walinzi wa Amani

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa giza. Usemi huo unamfaa kila mtu, lakini unamfaa zaidi askari, kwani kazi yake ni kusimama gizani kwa niaba ya wale waliolala, naye hana budi kutambua kwa sikio lake kipi ni kishindo cha adui na kipi ni kishindo cha mtoto anayecheza.

Tunayakumbuka maneno hayo kwa sababu tangu mwaka 2015 mji wa Jinja umekuwa makao ya tamasha la muziki linalowakusanya maelfu ya vijana kutoka Uganda, nchi jirani na ng'ambo, kwa siku tatu au nne, usiku na mchana. Polisi na wanajeshi wamepangwa zamu huko mara nyingi. Zamu hizo si za kawaida, maana humo hupigwa muziki wa kila namna, na namna nyingine ni ngeni kabisa kwa masikio ya wengi wetu. Mlinzi aliyezoea rumba, au ngoma za kwao, akisikia gitaa linalonguruma kama mtambo na mwimbaji anayeunguruma kama simba, huenda akadhani kwamba ghasia zimekwisha kuanza.

Kwa hiyo tumeona ni vyema leo tuwasimulie wasomaji wetu historia ya bendi moja ya muziki huo, iitwayo Duma. Bendi hiyo ilizaliwa Nairobi, ikarekodi kazi yake kubwa Kampala, na ikapelekwa mbele ya dunia na watu wale wale walioanzisha tamasha la Jinja. Safari yake haikuwa ndefu, lakini ina mafunzo kwa kila avaaye sare.

MUZIKI ULIOZALIWA KIWANDANI

Kabla ya kuifikia Duma, inafaa tujue muziki wenyewe ulitoka wapi. Wenye muziki huo huuita roki nzito, au metali. Chimbuko lake kubwa ni mji wa Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda vya chuma, na bendi inayotajwa kuliko zote katika kuuanzisha ni Black Sabbath, iliyotoa albamu yake ya kwanza mwezi Februari mwaka 1970.

Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Tony Iommi, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. Alipokuwa na umri wa miaka 17, mashine ya kukatia mabati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye alikuwa mpigaji wa mkono wa shoto, hivyo vidole vilivyokatwa ndivyo hasa vilivyokuwa vikibana nyuzi. Wengi waliamini kwamba habari yake ya muziki imekwisha. Yeye akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi. Baadaye akazilegeza nyuzi ili zisimuumize, na nyuzi zilizolegezwa zikatoa sauti nzito ya chini ambayo haikuwa imezoeleka. Sauti hiyo, iliyotokana na jeraha la mfanyakazi, ndiyo iliyoenea duniani. Bendi hiyo ilipiga onyesho lake la mwisho mjini kwao Birmingham tarehe 5 Julai, 2025, na mwimbaji wake, Ozzy Osbourne, akafariki dunia siku 17 baadaye.

Mtu wa Jinja hataona ugeni katika habari hiyo. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, umeme wake ndio ulioufanya mji huo kuwa mji wa mitambo. Nguo zilifumwa Nytil, na shaba ya Kilembe ililetwa kuyeyushwa hapo. Vizazi vya wafanyakazi wa Jinja wanajua mngurumo wa mashine tangu alfajiri hadi jioni. Muziki wa metali ni mngurumo huo huo uliochukuliwa na vijana, ukapangwa, ukawekewa mapigo.

AFRIKA MASHARIKI HAIKUWA NYUMA

Wako wasemao kwamba muziki wa namna hiyo ni wa wageni na ulituingilia juzi tu. Historia haikubaliani nao. Katika miaka ya 1970 Zambia ilikuwa na bendi nyingi za roki, na iliyovuma zaidi iliitwa WITCH. Mjini Dar es Salaam palikuwa na bendi ya Sunburst, ambayo mwaka 1976 ilitoa albamu iitwayo Ave Africa. Nairobi nako palikuwa na Black Savage, na miongoni mwa vijana wake alikuwamo mmoja ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Ayub Ogada, mpiga nyatiti.

Moto huo ulififia, lakini haukuzimika. Miaka ya 2000 na 2010 vijana wa Nairobi waliunda bendi mpya za roki, kama vile Parking Lot Grass, Murfy's Flaw na Last Year's Tragedy. Kampala nako ikatokea Vale of Amonition. Bendi hizo hazikuwa na fedha wala nafasi kubwa redioni. Wapigaji wake walikuwa watu wa kazi na masomo, waliochanga nauli na kukodi vyombo, wakipiga mbele ya watazamaji wachache waliokuwa wakijuana kwa majina.

JINA LENYE MAANA MBILI

Katika kundi hilo la Nairobi walikuwamo vijana wawili, Martin Kanja, ajulikanaye jukwaani kwa jina la Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Walikuwa wametoka katika bendi mbili za metali, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Mwaka 2019 wakaungana, wakaunda Duma.

Msomaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo hufikiri mara moja mnyama yule mwenye mbio kuliko wote. Lakini wenyewe walilichukua kutoka Kikuyu, na katika lugha hiyo maana yake ni giza. Maana zote mbili zinawafaa, kwa kuwa muziki wao una mbio zisizompa msikilizaji nafasi ya kupumua, na una giza ndani yake.

Bendi nyingi za roki huwa na watu wanne au watano. Duma ilikuwa na wawili tu. Karugu alishika gitaa na mitambo, na ngoma zao zilitengenezwa kwa kompyuta, zikapigwa kwa kasi ambayo mikono ya mwanadamu ingeshindwa kuifuata. Kanja alishika kipaza sauti. Uimbaji wake si wa kawaida. Hunguruma, hulia, hupiga ukelele. Asiyejua atasema kwamba huyo amepandwa na hasira, kumbe ni ufundi unaofunzwa kwa muda mrefu, wenye pumzi itokayo tumboni na koo lililozoezwa. Apigaye kelele ovyo hupoteza sauti kwa dakika chache. Sajini wa kwata anaifahamu siri hiyo, kwani naye hutoa amri uwanjani tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kesho yake sauti bado anayo.

Katikati ya mwaka huo wa 2019 walivuka mpaka, wakaja Kampala, wakafanya kazi kwa miezi mitatu katika studio ya Nyege Nyege. Matokeo yake ni albamu iliyopewa jina la bendi yenyewe, iliyotoka mwezi Agosti mwaka 2020. Wimbo mmoja katika albamu hiyo unaitwa Uganda with Sam, na kwa jina hilo nchi iliyowapokea ikapata mahali pake katika kazi yao.

Albamu hiyo ilitoka wakati mbaya. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulikuwa umefunga mipaka na kumbi za muziki duniani kote, na bendi isiyoweza kupanda jukwaani ni kama mkulima asiye na shamba. Hata hivyo albamu ilisafiri yenyewe. Wachambuzi wa Uingereza na Marekani waliisifu, wakastaajabia kwamba jambo jipya katika muziki huo mzito limetoka Nairobi na Kampala. Vizuizi vilipolegezwa, vijana hao wakaitwa kupiga katika majukwaa ya Ulaya.

TAMASHA NA MABISHANO YAKE

Studio hiyo ya Kampala ilikuwa ya watu wale wale wa tamasha la Jinja. Waanzilishi wake wawili, Derek Debru na Arlen Dilsizian, walikuwa wageni waliofanya makao yao Uganda. Tamasha lilianza mwaka 2015 kando ya Mto Nile, na mwaka 2016 wakaongeza kampuni ya kutoa albamu, ambayo ndiyo iliyoitoa Duma.

Jina Nyege Nyege limeleta maneno mengi. Waandalizi wanasema limetokana na neno la Kiganda la hamu ya ghafula ya kucheza ngoma, mtu asiweze kujizuia. Kwa msemaji wa Kiswahili neno hilo ni la aibu, halitamkwi mbele ya wazazi. Jina likawa shina la shaka hata kabla ya muziki kusikika.

Mwezi Septemba mwaka 2018, marehemu Simon Lokodo, aliyekuwa Waziri wa Nchi wa Maadili na Uadilifu, alitangaza kulipiga marufuku tamasha hilo siku chache kabla halijaanza. Baada ya mashauriano ndani ya serikali likaruhusiwa. Mwezi Septemba mwaka 2022 jambo likajirudia. Bunge liliagiza lisifanyike, wabunge wakitaja maadili ya vijana. Muda mfupi baadaye Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akatangaza kwamba litafanyika kwa masharti, nalo likafanyika katika maporomoko ya Itanda.

Si kazi yetu hapa kuamua nani alikuwa na haki. Mzazi aogopaye ulevi na dawa za kulevya ana hoja, na sheria ziko wazi juu ya mambo hayo. Mwenye hoteli, mwenye bodaboda na mama auzaye chakula wa Jinja nao wana hoja, kwa sababu siku hizo ni siku zao za mavuno. Tunalotaka kulisisitiza ni kwamba mabishano yakishamalizwa na wenye mamlaka, anayebaki uwanjani ni askari. Yeye hakuliita tamasha wala hakulipinga. Ametumwa kulinda watu, na hatawalinda vyema akiwaona kuwa ni maadui kwa sababu ya mlio wa magitaa yao.

ASKARI NAO WALISHUKIWA

Haifai tuwaone vijana hao kuwa watu wa ajabu. Karibu miaka 100 na ushei iliyopita palikuwa na muziki mwingine wa kishindo katika Afrika Mashariki, ulioitwa beni. Ulianza pwani, katika miji kama Lamu na Mombasa, kwa kuiga bendi za kijeshi, kwa tarumbeta, ngoma kubwa, gwaride na vyeo vya kujipa. Walioueneza bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake ni pamoja na askari wenyewe, waliokwenda nao kutoka kambi hadi kambi. Vyama vya Marini na Arinoti vikashindana kwa nguo, kwa nyimbo na kwa kishindo.

Watawala wa kikoloni waliutazama mchezo huo kwa jicho la shaka. Walijiuliza kwa nini Waafrika wanajiita majenerali, na kama nyuma ya ngoma hizo hapakuwa na njama. Askari wa siku hizo, watumishi watiifu waliokwisha kumwaga damu vitani, wakawa wanashukiwa kwa sababu ya burudani yao. Yafaa tuikumbuke habari hiyo kila tunapotaka kumhukumu kijana kwa ngoma yake.

Na hata leo, askari aliyezaliwa Mbale hashtuki akisikia kadodi. Katika mwaka wa imbalu ngoma hizo huvuma barabarani, umati hukimbia nyuma yake, vumbi hupanda, watu huimba kwa nguvu zao zote. Mgeni asiyejua anaweza kudhani mji umevamiwa. Mwenyeji anajua kwamba mtoto anapelekwa kuwa mtu mzima. Kinachowatofautisha hao wawili ni ujuzi.

HATARI YA KWELI

Je, tunasema kwamba katika mikusanyiko hiyo hakuna hatari? Hapana. Hatari ipo, tena kubwa, lakini haitoki katika gitaa.

Tarehe 11 Julai, 2010, watu waliokusanyika Kampala kutazama fainali ya Kombe la Dunia, katika uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mkahawa mmoja wa Kabalagala, walipigwa mabomu na magaidi. Zaidi ya watu 70 walipoteza maisha. Tarehe 13 Novemba, 2015, mjini Paris, magaidi waliingia katika ukumbi wa Bataclan wakati bendi ya roki ya Kimarekani ilipokuwa ikipiga, wakawaua watu 90. Wakati mauaji yakiendelea, ofisa mmoja wa polisi na dereva wake waliingia ukumbini wakiwa na bastola tu, hawakungoja vikosi maalumu, wakampiga risasi mmoja wa wauaji. Hao walijua adui yao ni nani. Hawakuwa na muda wa kuuliza kama muziki ule unawapendeza.

Hapo ndipo ujuzi wa muziki wenyewe unapokuwa silaha ya mlinzi. Katika maonyesho ya roki nzito vijana hufungua duara mbele ya jukwaa, wakarukaruka na kusukumana kwa mabega. Kwa macho ya mgeni huo ni ugomvi. Lakini mchezo huo una kanuni yake isiyoandikwa, kwamba aanguapo mmoja, wenzake humwinua mara moja. Mlinzi mwenye busara huitazama kanuni hiyo. Ikifuatwa, hana haja ya kuingia na kirungu. Ikivunjwa, watu wakaanza kukanyagana, au akionekana mtu anayepiga kwa kukusudia kuumiza, au msichana anayeshikwa kwa nguvu, basi hapo wajibu wake umeanza.

Aidha, kelele hizo huficha mambo. Amri ya mdomo haisikiki, na redio ya upepo haieleweki karibu na vipaza sauti. Kwa hiyo ishara za mkono na za tochi yafaa zikubaliwe kabla ya zamu, na milango ya kutokea ijulikane na kila mmoja, isifungwe wala kuzibwa na magari. Na masikio ya askari mwenyewe yalindwe. Wataalamu wa afya kazini huhesabu decibel 85 kwa saa nane kuwa mpaka wa hatari, na mbele ya jukwaa la namna hiyo sauti huvuka 100. Kuziba masikio si woga. Mlinzi aliyepoteza usikivu hawezi tena kulinda.

KITUKUU CHA MPIGANAJI

Ngoma ivumayo haidumu. Duma ilivuma, na baada ya miaka michache kila mmoja akashika njia yake. Mwezi Aprili mwaka 2024 Kanja alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, kupitia kampuni aliyoianzisha, Haekalu Records.

Albamu hiyo aliitunuku kwa bibi mzaa bibi yake, na jina la bibi huyo linastahili kusimamiwa wima na askari yeyote wa Afrika Mashariki. Alikuwa Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyepata cheo cha Fildi Marshali katika vita vya Mau Mau. Dedan Kimathi alimpa jina la Thonjo, jina la ndege fundi wa kufuma kiota, kwa sababu ya hekima yake ya kupanga mambo. Muthoni alikaa msituni hadi Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963. Nywele alizozifuga msituni hakuzikata kwa miongo mingi, hadi mwezi Aprili mwaka 2022. Alifariki dunia mwezi Septemba mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 90.

Tunawaomba wasomaji wetu walitafakari jambo hilo. Kijana yule mwenye nywele ndefu na nguo nyeusi, anayenguruma jukwaani hata wazee wakaziba masikio, ni kitukuu cha mpiganaji. Askari wa mkoloni waliomwinda bibi yake waliambiwa kwamba nywele zile ndefu na viapo vile ni dalili ya ushenzi. Leo nywele hizo ni kumbukumbu ya taifa. Kama tungemhukumu kitukuu kwa sura na sauti yake tu, tungelirudia kosa lile lile walilotendewa wazee wetu.

WAJIBU WETU

Ndugu askari, hatuwalazimishi kuupenda muziki wa Duma. Wengi mtarudi kwenye rumba na kwenye ngoma za kwenu, nasi hatuwalaumu. Lakini kupenda na kujua ni mambo mawili. Sheria haipimi ukubwa wa sauti peke yake, inapima matendo. Mwenye kuuza dawa za kulevya akamatwe, hata kama anaimba kaswida. Mwenye kunguruma kwenye kipaza sauti aachwe angurume, maadamu ana kibali na hamdhuru mtu.

Watu wawili walitoka Nairobi bila utajiri, wakavuka mpaka kwa amani, wakafanya kazi miezi mitatu katika nchi ya jirani, wakaipeleka sauti ya Afrika Mashariki mbali. Hawakumpiga mtu wala hawakuvunja kitu. Walifanya kelele tu, na kelele hizo zilipangwa kwa bidii na nidhamu ambayo kila kwata ingejivunia.

Siku utakapopangwa tena zamu ya usiku kando ya Nile, ukasikia gitaa likinguruma gizani, usilikazie macho jukwaa. Lipe mgongo, utazame nje, kuelekea langoni na barabarani. Huko ndiko anakoweza kutokea adui, na huko ndiko wananchi walioko nyuma yako wanakokutegemea uangalie.